Mtoto wa miezi minne ana kilo 5.2: mliopitia uzito kugoma, tupeane uzoefu

Mchuuzi wa Mwaloni
Wakuu habari za usiku. Mimi ni baba, msishangae. Najua mada hizi huwa za kina mama, lakini mke wangu amechoka kuulizwa na watu, na mimi nimechoka kumkuta amejifungia chooni analia. Kwa hiyo nauliza mimi.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.8. Mwezi wa kwanza 3.6, wa pili 4.4, hapo tulikuwa tunatembea kifua mbele. Wa tatu 4.9. Juzi kliniki, miezi minne kamili, 5.2. Ananyonya tu, hajaanza uji. Anacheka, anageuka, macho makali, ila mikono kama ya kifaranga. Mtoto wa jirani yetu hapa Kirumba wamepishana siku tisa, yule ana kilo 7 na mapaja yamejaa mikunjo.

Kazi yangu ni dagaa. Siku za giza la mwezi zikiingia naenda visiwani kununua, mbalamwezi ikitoka narudi mjini, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo mwanangu namwona kwa vipande, na nikifika nambeba kwanza kabla sijala. Safari mbili zilizopita nimembeba nikaona ni yuleyule niliyemwacha. Mtu aliyezoea kukadiria gunia kwa mkono hadanganyiki.

Sasa mama yangu amekuja kutoka Magu kutusaidia. Siku ya tatu akamwita mke wangu pembeni, akamwambia mtoto amebemendwa, yaani amedhoofishwa na mambo ya kitandani ya wazazi. Na aliyebemenda ni mimi! Eti natoka makambini na jasho la wanawake wengine, nafika nambeba mtoto kabla ya kuoga. Mke wangu alikaa na neno hilo wiki nzima. Ananipokea mzigo, usoni haniangalii. Nimeapa mpaka nimeishiwa viapo.

Aliyewahi kuwa na mtoto wa hivi aniambie ilikuwa nini na ikaishaje.

Mama Mapacha, Nyegezi
Shemeji pole, na hongera kwa kujitokeza. Kabla hujaenda mbali, mlipima wapi? Doto wangu "alipungua" gramu 400 ndani ya wiki mbili. Nililia njia nzima kwenye daladala mpaka konda akanirudishia nauli. Kumbe mara ya kwanza alipimwa na sweta, suruali na nepi iliyojaa, kwenye mzani wa kuning'iniza ambao mshale wake haukuanzia sifuri. Mara ya pili kituo kingine, mzani wa kulaza, mtoto uchi. Tangu hapo napima kituo kimoja, mzani mmoja, na mshale nautazama mwenyewe kabla hawajamning'iniza. Manesi wananiita Wakala wa Vipimo.

Mchuuzi wa Mwaloni
Nimemuuliza mama watoto. Kituo kilekile, mzani uleule, bila nguo. Hapo hatuna pa kujificha.

Bibi wa Kisesa
Mwadila, mwanangu. Mjukuu ndiye ananisaidia kuandika, makosa ni yake.

Maneno aliyosema mama yako mimi nilimwambia mkamwana wangu hivyohivyo. Mjukuu alikuwa na miezi minane, amekonda, amepauka, analala tu. Nikasema hawa wamelala pamoja kabla ya wakati, wamembemenda. Nikachimba mizizi, nikawachemshia wote watatu wanywe na kuogea. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mtoto akawa mweupe viganjani, ndipo baba yake akamnyakua akampeleka hospitali. Malaria, na damu ilikuwa imekwisha. Akaongezewa damu, akapona, sasa yuko darasa la sita na ana kiburi.

Nikae niwaze, sisi zamani tulikuwa tunaona kitu cha kweli. Mama akishika mimba nyingine na mtoto bado mdogo, ziwa lilikatwa siku hiyohiyo, tukisema maziwa yameharibika. Mtoto wa miezi saba anabaki na uji wa udaga (muhogo) mtupu. Ataachaje kukonda? Tulimwona amekonda, tukatafuta mwenye kosa, tukamkuta kitandani kwa wazazi wake. Kukonda kulikuwa kweli, sababu tuliikosea.

Mkamwana wangu hajanitupia neno mpaka leo. Ila mtoto wa pili alikwenda kujifungulia kwao.

Msalimie mama yako.

Ngosha wa Igoma
Mkuu hicho ni kimeo, usisumbuke. Mwangalie kooni utaona kinyama kimening'inia. Kuna mzee anakata dakika moja tu, mtoto anaanza kunyonya kama ndama. Nikutumie namba?

Aliyeumwa na Nyoka
Usimtumie namba.

Hicho kinyama kila mtu anacho. Ngosha fungua mdomo mbele ya kioo, utakikuta na chako, labda kama kilishakatwa. Mwanangu alikuwa na miezi mitano, anakohoa, uzito umesimama miezi miwili. Nikaambiwa kimeo, na aliyeniambia ni mtu ninayemheshimu mpaka leo. Tukaenda. Kweli dakika moja. Damu ilitoka usiku kucha, khanga mbili zililowa, nikawa namgeuza upande asipaliwe. Alfajiri tulikuwa hospitali. Akawekewa damu, siku tatu baadaye homa ikapanda, kidonda kimeoza. Tulilazwa siku tisa. Na kile kikohozi kilikuwa nimonia tangu mwanzo, ya kutibiwa na dawa.

Dada yangu yeye aliambiwa meno ya plastiki. Wanachimbua fizi wanakuonyesha vitu vyeupe, kumbe ni meno ya utoto yenyewe ambayo hayajatoka.

Ngosha wa Igoma
Mbona mimi nilikatwa na nipo hai?

Aliyeumwa na Nyoka
Waliokufa hawana simu.

Sista Mstaafu
Nimefanya kliniki ya mama na mtoto miaka mingi pande hizi za ziwa, niruhusuni niandike kirefu kidogo.

Baba, 5.2 peke yake haisemi neno. Kwa mtoto wa kike wa miezi minne, katikati ya viwango vya Shirika la Afya Duniani ni kilo 6.4, na chini ya 5.0 ndipo tunasema uzito pungufu. Mwanao bado yuko ndani. Yule wa jirani naye ni mtoto wa kawaida, basi msimgeuze mzani. Na asije mtu akakwambia viwango hivi ni vya watoto wa kizungu wa maziwa ya kopo. Vilitolewa 2006 kwa kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, wanaonyonyeshwa.

Kilichonishtua mimi ni mwendo. Chukua kadi ufuate nukta kwa kidole. Miezi miwili ya kwanza alikuwa anakwenda sambamba na mstari wake, chini kidogo ya katikati, hakuna shida kabisa. Mwezi wa tatu akaanza kuuacha. Mwezi wa nne ameongeza gramu 300, wakati kwa mtoto wa saizi yake tungetarajia kama nusu kilo. Mtoto mdogo anayefuata mstari wake mdogo simwogopi. Namwogopa hata mnene anayeshuka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo hukukosea, mkono wako umesema kweli, ila si la kukimbia usiku. Ni la kwenda wiki hii.

Wazazi wapya pia muelewe: mtoto akizaliwa hupungua kwanza, mpaka kama asilimia 10 ya uzito wake, na anatakiwa awe ameurudisha kufikia wiki mbili. Miezi mitatu ya mwanzo anaongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, baadaye kasi inapoa. Wengi wanaolia mwezi wa tano wanalilia kasi ya mwezi wa pili.

Sasa nijibu. Ananyonya mara ngapi, usiku na mchana? Usiku analala moja kwa moja? Anakojoa nepi ngapi? Akinyonya anatoka jasho au anahema? Mama yake anafanya kazi gani? Anapewa maji?

Mama Subira
Sista umeuliza jasho, nikasisimka. Hili la kwangu msilichukulie kuwa ndilo la mwana wa Mchuuzi, naliandika kwa ajili ya yule mmoja anayepita kimyakimya.

Subira alikuwa ananyonya dakika mbili, anaachia, anahema, anarudi. Kipaji kinalowa hata asubuhi ya mvua. Watu wakawa wanamsifu, "huyu ana bidii ya kunyonya". Mimi nikawa najilaumu sina maziwa. Nikanywa supu ya sato mpaka harufu yake ikanishinda, nikala karanga mbichi, nikapakwa majani mgongoni na shangazi. Miezi miwili na nusu alikuwa na kilo 3.7. Kituo cha kwanza wakaniambia nile vizuri, cha pili wakatupa dawa ya kikohozi.

Aliyeona ni daktari kijana tu, nadhani alikuwa bado mafunzoni. Aliweka kile kifaa kifuani akanyamaza muda mrefu mpaka nikasikia feni ya dari. Akasema mama, kuna sauti hapa. Tukapewa rufaa hospitali ya Bugando, moyo ukapigwa picha: tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Kumbe maziwa nilikuwa nayo siku zote. Mtoto alikuwa anayachoma yote kwa kazi ya kupumua, habaki na cha kunenepea. Nikafundishwa kukamua na kumpa kidogokidogo kwa kikombe asichoke, pamoja na dawa za kupunguza maji mwilini. Alifanyiwa upasuaji Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akiwa na miezi kumi na moja. Wiki tatu baada ya upasuaji nguo hazikumtosha.

Jasho kipajani, kuhema, kukatisha ziwa, midomo kuwa na rangi ya zambarau: mkiona hayo msisubiri tarehe ya kliniki.

Mchuuzi wa Mwaloni
Mama Subira, Mungu amkuze. Nimesoma kwa sauti, mke wangu amesikiliza, hata mama ameacha kuchambua mchele.

Sista, majibu. Jasho hakuna, kuhema hakuna. Usiku analala kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja alfajiri bila kuamka. Hilo tulikuwa tunalisifia, nilishawahi hata kumringia jirani. Mchana mke wangu alirudi kibandani mtoto akiwa na miezi miwili na nusu, anauza dagaa na mafuta ya kupimia, mtoto mgongoni. Nimemwambia tuhesabu. Tumepata mara tano, siku nyingine sita. Mteja akija ziwa linakatwa, anahamishiwa la pili baadaye.

Na kuna hili. Niliandika hapo juu "ananyonya tu". Nimeuliza vizuri, kumbe anapewa maji kwa sababu ya jua la kibandani, na dawa ya tumbo ile ya chupa kila jioni. Mwenzangu hakunificha, hakudhani maji ni kitu cha kutaja. Nepi sasa hivi ni nne.

Sista Mstaafu
Umeshajijibu, baba. Tumbo la mtoto huyo ni dogo kama ngumi yake, likijaa maji limeshiba na halina kitu. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata kwa jua la Mwanza. Umri huu anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na nepi za mkojo sita au zaidi. Anayelala kucha na uzito unapanda, mwacheni alale. Wenu mwamsheni. Ziwa moja limalizwe kwanza, maana mafuta mengi yanakuja mwishoni, ndipo apewe la pili.

Lakini msiishie hapa kwangu. Nendeni apimwe mkojo na malaria, na mwombe nesi AMTAZAME mama akinyonyesha, mwanzo mpaka mwisho. Hili ndilo linalorukwa na vituo vingi. Mama anaambiwa "mnyonyeshe vizuri" na kurudishwa nyumbani, hakuna aliyeona mdomo wa mtoto umekaaje kwenye ziwa.

Karani wa Mkolani
Naomba nitubu humu, kwa sababu hakuna anayenijua.

Likizo yangu ya uzazi iliisha, siku 84. Sheria inampa mama muda wa kunyonyesha wakati wa kazi, mpaka saa mbili kwa siku, nikauomba, bosi akacheka akauliza kama nataka na godoro. Nikaanza kopo. Mshahara haukutosha makopo. Nikamwambia dada wa nyumbani "ibane mpaka tarehe 25". Akaibana. Kopo linasema vijiko sita, yeye anaweka vitatu, maji yaleyale. Mtoto alikuwa anamaliza chupa, analia, anamalizia nyingine, uzito haupandi. Nesi aliponiuliza mnachanganyaje, nilimsukumia dada wa watu. Nikasema huyu msichana bwana. Nilimfukuza.

Baadaye nikajifunza kukamua alfajiri na usiku, nikanunua friji ndogo ya mtumba, na mtoto akapanda. Ila yule binti wa Sengerema nimemtafuta nimwombe msamaha, namba haipatikani.

Baba Kulwa
Wetu ilikuwa mkojo. Hana homa, hana chochote, uzito tu umelala. Mkojo ukapimwa, maambukizi. Dawa siku kumi, mwezi uliofuata kilo ikapanda. Fupi hivyo.

Mkerewe
Na mimi niwape nafuu: wangu hakuwa na kitu. Amekaa mstari wa chini tangu kuzaliwa hadi leo ana miaka minne, hajawahi kuuacha. Baba yake ana futi tano na nusu akiwa na viatu. Tulipima kila kitu mpaka daktari wa pale Nansio akatuangalia sisi wawili, akatuangalia tena, akafunga faili.

Mama Lishe
Mchuuzi, kuna watu watakuja kukwambia uanze uji mapema. Subiri miezi sita. Uji mwepesi wa mwezi wa nne ni yaleyale maji, umetiwa rangi tu. Ukifika wakati, usinunue ule unga wa nafaka kumi na mbili. Mimi nilimpa wangu, mahindi, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, mpaka mbegu za maboga, akaharisha mwezi mzima. Nafaka moja au mbili, uji mzito usiomwagika kwenye kijiko, karanga za kusaga, na wewe dagaa unao. Ila wa kichanja, si wa kuanikwa mchangani, usije ukamsagia mtoto ufukwe. Chambua, kaanga mkavu, saga, kijiko kimoja kwenye bakuli. Na parachichi.

Mchuuzi wa Mwaloni
Wa kichanja ninao, wa mchangani nauza (utani jamani).

Mama Mapacha, Nyegezi
Umejulikana! Kesho soko la Mwaloni hakuna atakayenunua.

Mchuuzi wa Mwaloni
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Giza lilinichukua, kule kisiwani mtandao ni wa kupanda juu ya mwamba.

Kabla sijaondoka tulikwenda kliniki wote wanne, mama naye akavaa kitenge chake cha kanisani. Malaria hakuna, mkojo safi, moyo umesikilizwa safi. Nesi mmoja mama mtu mzima tukamwomba amtazame mke wangu akinyonyesha. Akavuta stuli akakaa kama anayetazama mpira. Akasema mtoto ameshika chuchu tu, ndiyo maana unasikia ule mlio wa kugonga ulimi. Akamsogeza tumbo kwa tumbo, akasubiri mdomo uachame, akamwingiza ziwa, kidevu kikagusa, mdomo wa chini ukapinduka nje. Tukaanza kusikia anameza. Mke wangu akasema tangu ajifungue hajawahi kunyonyesha bila kuumia, alidhani ndivyo ilivyo. Miezi minne, wakuu. Na mimi nalala naye chumba kimoja.

Maji tumeacha, na ile chupa ya jioni. Kibandani mke wangu anakwenda mchana tu, asubuhi anakaa mdogo wangu. Usiku kengele ya simu inalia mara mbili. Wiki mbili baada ya kliniki mke wangu alinitumia picha ya kadi: 5.55. Nilikuwa nimebeba gunia begani, nikalitua nisome vizuri. Tarehe 3 tunapima tena, kituo kilekile, mzani uleule, Wakala wa Vipimo usijali.

Kuhusu mama, hajasema amekosea na sidhani atasema. Nimefika jana saa moja jioni, nanuka dagaa kichwa mpaka miguu. Nikaelekea bafuni kwanza ili kuepusha maneno. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Akaniambia, "Unakwenda wapi? Mpokee mwanao."